Mshika Mbili

Mpwa anasomea kompyuta na maigizo kwa pamoja chuoni, na mjomba anayeishi naye, jamani, amechoka. Mkono wa kulia wa mpwa uko kwenye kibodi, wa kushoto uko hewani unamuaga mume wa kwenye igizo, asiyekuwepo. Chai inapoa, na kiatu kimoja kiko mguuni, kingine hajui kiliko. Asubuhi dada yake mjomba, mama wa mpwa, alipiga simu: "Mwambie leo leo aache maigizo. Mshika mbili moja humponyoka!" Mjomba akakohoa aanze, lakini mpwa alikuwa analia: kazi ya kompyuta inakusanywa mchana, na programu imegoma. Mara mpwa akapanda juu ya kiti cha mjomba, akaisoma programu yote mstari kwa mstari, kwa sauti ya malkia aliyepokonywa ufalme, mpaka majirani wakachungulia. Katikati pumzi ikamwishia. "Mjomba! Mabano haya yalifunguliwa, hayakufungwa! Nimengoja yafungwe nivute pumzi, mpaka nimekauka!" Akashuka, akayafunga, programu ikaitika. Simu ikalia tena. "Umemwambia?" "Nimemwambia," mjomba akajibu, akikivuta kile kiatu cha pili kutoka chini ya meza. "Nimemwambia aigizie chini, kiti changu kitavunjika."