Nta ya Kaka Eino

Skii zangu, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, ziligoma kuteleza. Tena mteremkoni!

Siku ya baridi kali, theluji kavu kama chumvi, na mimi nimesimama katikati ya kilima kama ng'ombe aliyekwama topeni.

Chini ya mbao mabonge ya theluji yamenata, makubwa kama mikate. Nakwangua kwa kijiti. Hatua kumi, yamerudi.

Mwaka 1963 huo, kwetu Kainuu, mkoa wa theluji, mbio za skii kilomita kumi za wanawake. Watatu wa kwanza wanaingia timu ya taifa, wanakwenda kushindana Austria. Na mimi msimu mzima sikuwa nimeshindwa na mtu.

Wa nyuma yangu akapiga kelele, "Njia! Nipishe!" Nikampisha. Akaja mwingine, na mwingine. Wa nne akapita anacheka.

"Hilkka, umeota mizizi?"

Nikamaliza wa ishirini na sita.

Sasa kwetu mshindani hajipakii nta ya kutelezea chini ya skii. Ana mtu wake. Wangu alikuwa kaka yangu Eino. Na kazi ya mpakaji nta huikagui, ukiikagua umemtukana.

Eino akazigeuza zile skii, akazinusa. Uso ukamshuka.

"Hii si nta yangu. Hii laini, ya siku za theluji kuyeyuka. Mimi nilipaka ngumu."

"Kwa hiyo kapaka nani, malaika?"

"Dada, naapa kwa kaburi la baba."

"Mwache baba alale! Sema tu ulinionea wivu."

Mchumba wangu Tauno akanivuta pembeni. "Twende zetu, mpenzi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nikaenda. Sikushindana tena. Harusi ikafanywa haraka, maana tumbo lilikuwa halisubiri. Nikakamua ng'ombe wake, nikamzalia watano.

Eino aliishi ng'ambo ya ziwa. Tukikutana kanisani ananivulia kofia, mimi natazama ukuta. Miaka arobaini na tisa. Alipokufa sikwenda mazikoni, nilimpa mwanangu maua apeleke.

Juzi Tauno katimiza themanini. Nyumba imejaa, kahawa na keki. Mjukuu wetu Saara akamchokoza.

"Babu, bibi alikuwa nyota. Wewe ulimpataje?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Ningemwacha aende Austria, angenirudia mimi mkata magogo? Eino alipoingia kunywa uji, nikafuta nta yake, nikapaka yangu. Dakika tano tu. Mke nikapata!"

Watu wakapiga makofi. Jirani mmoja akafuta machozi, eti hayo ndiyo mapenzi.

Nikamwinamia Tauno. "Na Eino je?"

Akashusha sauti. "Eino alijua. Alinifuata wiki ileile. Nikamwambia, ukifungua mdomo, namwacha dada yako na mimba yake."

"Akasema nini?"

"Alivaa kofia, akaondoka."

Wageni wakaomba kahawa tena. Nikawamiminia.

Sasa watoto wananiambia, mama, msamehe, mzee ana themanini. Nawajibu ningojeni kwanza.

Nawe unayesoma hapa, ndugu yako akikuapia, msikilize, hata kama umeshindwa na roho inawaka. Mwongo hutetea uongo wake kila siku. Mkweli husema mara moja, akinyamazishwa ananyamaza.

Mimi nimekuwa tayari kumwomba kaka yangu radhi.

Nimechelewa miaka tisa.