Uji Kabla ya Gunia

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala kwenye vilima vya Karuba, Masisi. Dancille Nyiransengimana anachuchumaa, anapitisha mkanda wa gunia kwenye paji la uso, kisha anainuka taratibu na viazi vya mtu mwingine mgongoni.

"Mama Umugwaneza, bila turbo utafika Mushaki kesho!" kijana mmoja anamtania Dancille kwa jina la mtoto wake, akiinua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Wabebaji wa hapa wamekipa jina la turbo.

"Na wewe mwenye turbo, mbona muzigo yako njo kadogo?" anajibu Léontine, mbebaji mwenzake. Wanawake wanacheka.

Miezi michache iliyopita, Dancille, mama wa watoto wanne, naye hakuondoka bila kopo. Wabebaji wengi huamini kuwa tumbo lililojaa hugombana na mzigo, kwa hiyo huanza safari bila kula. Kopo moja alfajiri, jingine njiani. Karibu nusu ya ujira wake iliishia humo.

"Nilikuwa nakunywa, njaa inanyamaza, miguu inakimbia. Nikazani njo nguvu," anasema.

Umugwaneza, kitinda mimba wake, bado ananyonya. Mtoto akaanza kukataa usingizi. Mama mwenyewe moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Kisha siku moja, kwenye mteremko wenye tope, macho yakaingia giza. Akaanguka, gunia likamlalia.

"Niliwaza tu: nikikufa hapa, nani atanyonyesha mutoto?"

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Annonciata alimuuliza, "Mama, asubuhi ulikula nini?"

"Nilikunywa turbo."

"Mie nimeuliza chakula."

Dancille alipopimwa, alikutwa na upungufu wa damu, akapewa vidonge. Annonciata anaeleza kuwa kichangamshi kilichomo kwenye makopo hayo hupita hadi kwenye maziwa na kinaweza kumnyima mtoto usingizi.

"Mama anabeba, ananyonyesha, na hakuli. Kopo haiwezi kula mu nafasi yake," anasema muuguzi huyo. Alimshauri ale kabla ya safari, anywe maji, apumzike njiani.

Ushauri huo ulikuwa na aibu ndani yake. Nyumbani kwao, uji mzito wa mtama na soya ni wa mama aliyejifungua, aliye bado kitandani. Akishatoka kwenda shambani, sufuria yake huondolewa.

Mama mkwe wake, Mukandayisenga, alipoona anakoroga uji, alicheka. "Umezaa tena? Tulete zawadi?"

Alfajiri iliyofuata, ni yeye aliyewasha moto. "Bibi ya mutoto wangu akianguka tena, nani atacheka?" anasema, akimaanisha mke wa mwanawe, huku akigeuza uso upande wa jiko.

Sasa Dancille huondoka ameshiba, hutembea polepole, na Umugwaneza analala. Lakini uji haujapunguza uzito wa gunia. Ndiyo maana yeye na wenzake wanaonyonyesha wanataka Papa Honoré, mwenye viazi, awafungie magunia madogo. Honoré hujibu kuwa lori linalokuja kuchukua viazi halisubiri.

Wamepanga kumwendea pamoja siku ya soko, wakiwa na watoto wao.

"Akikatala, tutakaa chini siye wote, tunyonyeshe watoto," anasema Dancille. "Ataona kama viazi vinajua kutembea."