Ngome ya Udongo Nyuma ya Shule ya Wasichana

Ngome ile ilinuka udongo mbichi hata katika joto la Riyadh, joto lililokausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Ilikuwa ngome kongwe, kuta zake za udongo na makapi zimebomoka nusu, imeachwa peke yake mtaani kwetu Al-Suwaidi huku nyumba za saruji zikichipuka pande zote kwa pesa za mafuta. Nyuma yake palikuwa na shule mpya ya wasichana yenye ukuta mrefu. Asubuhi mimi na dada yangu Zuwena tulipanda ngazi za mnara, tukakaa kivulini, na kuwasikiliza wenzetu wakisoma kwa pamoja. Zuwena alifuatisha kwa midomo. Mwalimu akiuliza swali, yeye alijibu kwa kunong'ona kabla ya wale wa ndani, na mara nyingi alipata.

Tulikuwa tumehamia kutoka Jeddah, ambako wazee wetu walifikia walipoondoka Unguja baada ya mapinduzi. Kule Zuwena alisoma mpaka darasa la tano na hakuna aliyemfikia kwa hesabu. Lakini kafili wa baba, yaani mwajiri aliyemdhamini kukaa nchini, mwenye ghala la vifaa vya ujenzi karibu na bandari, alifuata biashara Riyadh, nasi tukamfuata yeye, maana ikama zetu zote, vibali vya kuishi, zilikuwa mkononi mwake. Shule ilikuwa imejaa, na mtoto wa mgeni hakupokewa mpaka kafili aende mwenyewe kumsemea. Baba akamwomba. Yule mzee akaweka mkono kifuani, akasema niachie mimi. Baba alirudi nyumbani anatabasamu peke yake, na mama akaanza kushona sare siku ileile.

Muhula ukapita, ukaja mwingine. Jirani yetu wa Hadhramaut, aliyekuwa chini ya kafili huyohuyo, alimganda mzee kila baada ya sala mpaka mabinti zake wakaingizwa. Mama akamsihi baba naye aende tena. Baba aliona haya hata kusikia. "Kumkumbusha ni kumwita muongo," alisema. "Sisi tuna malezi yetu, Mama Zuwena." Ndivyo walivyo watu wetu: ukishaomba umeomba, kurudia ni utovu wa adabu. Nilimpenda sana baba yangu, lakini adabu ile naichukia mpaka leo.

Sikukuu ya Idi baba alinichukua kwenda kumwamkia kafili. Nilikuwa mdogo, bado naruhusiwa kukaa na wanaume. Wakanywa kahawa, wakazungumza bei ya saruji, kisha mzee akageuka kwa upole kabisa akauliza binti mkubwa anaendeleaje na masomo. Kumbe alikuwa amesahau tu kwamba hakwenda kumsemea. Nikafurahi, nikijua sasa baba atasema. Baba akawatazama wageni waliojaa, akaona atamfedhehesha mwenyeji wake mbele za watu.

"Alhamdulillah," akasema, "anasoma vizuri. Mungu akulipe."

Mzee akafurahi, akanijaza halua viganjani, na hakuuliza tena. Nyumbani baba alisimulia mwenyewe, macho yake chini. Mama alilia. Zuwena alisema "halas", basi yamekwisha, akaitoa ile sare sandukuni, akaifumua na kunishonea mimi gauni. Hakupanda tena ngomeni. Haukupita muda mrefu akaozwa Jeddah.

Ngome ilivunjwa kupitisha barabara, na shule siku hizi ziko kila mtaa. Wajukuu wa Zuwena wako vyuoni. Wakianza kusimulia masomo yao, yeye huinuka akaenda jikoni. Baba amekufa, mzee naye amekufa, hakuna wa kuulizwa wala wa kuombwa. Nikienda kumtazama Zuwena hatuzungumzi sana habari zile. Mara moja tu alinitajia, tulipokuwa tunachambua mchele, na wala hakuwa na hasira.

"Yule mzee angenipeleka kesho yake," alisema. "Hakuwa mtu mbaya. Hakuambiwa tu."