Jina la Sita kwa Karani wa Mirathi

Karani wa mirathi katika mahakama yetu ni mama mwenye kidole kimoja cha zambarau kwa wino, na miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Kabla ya kugonga muhuri huujaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti, kisha hukipuliza taratibu kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Faili haipiti kwake hivihivi. Huwaita warithi mmoja mmoja kama mwalimu aitavyo mahudhurio, na hata bibi wa miaka themanini lazima aitike.

Siku yetu ilipofika, shemeji yangu alikuwa ameandika warithi wa shamba la marehemu mume wangu: mimi na watoto wanne. Tuliitika wote. Karani akainua muhuri, halafu akautua. Alikuwa anamtazama mtoto niliyekuwa nikimnyonyesha.

"Na huyu mgeni?"

"Huyo kazaliwa baba yake keshazikwa," shemeji akasema. "Shamba hakulikuta likiwa na mwenyewe."

"Basi shamba litamkuta yeye, baba. Au damu nayo mliizika?"

Shemeji akacheka kwa aibu, akajikuna kisogo. "Nilipitiwa, mama. Mwandike."

Nikalitaja jina la binti yangu. Lilikuwa limenikaa kooni tangu asubuhi, nikiogopa kuvunja undugu. Karani akaliandika bila haraka, akalisoma kwa sauti, akasubiri.

Mwanangu akaachia ziwa, akacheua.

"Yupo," karani akasema, akagonga muhuri.