Mkunga wa Kasokola anayechelewesha vitovu

Umande haujakauka, na Felista Kasimiri anachemsha maji ya kumkanda mzazi. Katika chumba chake cha pili, hapa Kasokola, Dorice amelala ubavu na mwanawe mchanga, maana mgongo haulaliki. Mtoto ananyonya titi moja tu. La pili lina alama ya teke.

Felista ni mkunga wa jadi, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Malipo ni kuku, akibahatika. Asipobahatika ni kipande cha sabuni, na mwaka huu wa 1996 mahindi yamekaukia shambani, hata sabuni imeadimika. Wanaopiga wake zao ndio hawajaadimika.

Desturi ya kijiji inasema mwanamke akijifungulia kwa mkunga haondoki, wala mumewe haingii humo ndani, mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Mwanaume awe mkorofi kiasi gani, hilo analiogopa. Basi Felista amejifunza kuvichelewesha.

"Kikidondoka leo, mimi nasema bado," anasema bila aibu. "Mungu atanihukumu, sawa. Lakini hayo majeraha nani ameyahukumu?"

Zamani alikuwa mkweli, na ukweli huo unamtafuna mpaka leo. Miaka kadhaa iliyopita alimpokea binti aitwaye Emelyne, mjamzito, mkono umevunjwa na mumewe. Alijifungua salama. Kitovu kilipodondoka, Felista alitangaza kama alivyofundishwa, mume akaja na jogoo wa shukrani, akamchukua mkewe. Mvua za mwaka ule hazijaisha, Felista akaitwa kuosha maiti.

"Nilimwosha mimi," anasema. "Maziwa yalikuwa bado yanamtoka."



Juzi alikuja Gaudensi, mume wa Dorice. Akaambiwa kitovu bado. Hakuamini, kwa kuwa mtoto wao wa kwanza hakuchukua muda wote huo. Kwa kuwa yeye haruhusiwi kuingia, jana akamleta mama yake mzazi akaangalie kwa macho yake.

Felista anakiri kwamba aliogopa. Uongo ukijulikana, Dorice angeondoka na mumewe jioni ileile, na kaka yake Dorice, aliyetumiwa ujumbe Tabora aje kumchukua, alikuwa hajafika na treni. Tena nani angemwamini mkunga siku nyingine?

Bibi aliketi, akamfungua mjukuu khanga. Kitovu kilikuwa kimedondoka zamani na pale mahali pamepona kabisa. Akapatazama. Kisha akamtazama Dorice mgongoni, muda mrefu. Akamfunga mtoto vizuri, akaenda mlangoni, akamwambia mwanawe aliyekuwa akisubiri uani:

"Bado. Turudi nyumbani."

Leo kaka mtu ameshuka stesheni ya Mpanda, na Dorice akishakandwa anafunga mizigo. Majina ya familia hiyo yamebadilishwa. Felista mwenyewe amekubali lake litajwe. Alipoulizwa kama haogopi siri yake kuandikwa, alicheka kidogo, akasema wanaume wa huku gazeti wanalisokotea tumbaku.

Anachotaka sasa ni chumba cha tatu. Ameshaanza kufyatua matofali nyuma ya nyumba, peke yake, jioni akitoka shamba. Mwandishi akadhani ni kwa sababu wazazi wameongezeka.

Felista anatikisa kichwa. Anasema yule bibi, kabla hajaenda mlangoni kumjibu mwanawe, alimshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini kama huwa anapokea na wanawake wazee. Mumewe, baba yake Gaudensi, bado anampiga.

"Huyu hana mtoto mchanga wa kumkinga," anasema Felista, akipima maji kwa kiwiko. "Nitawaambia watu nini? Sijui bado. Ila akija, akute pa kulala."