Nilivyompeleka Mzee Faki Kumwona Kifaru

Nilikuwa na sababu mbili za kwenda Houston, na zote mbili niliziona rahisi. Ya kwanza: nje ya mji ule kuna mfugaji mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akitunza bandani kwake kifaru cha Wajerumani cha wakati wa Vita Kuu ya Pili, aina ya Hetzer, na injini yake inawaka. Alikuwa amekiuza, kinaondoka wiki ileile, akaniruhusu nikione Jumamosi asubuhi. Miaka kumi nilikuwa nikisoma habari za chombo hicho, nami sikuwahi kukigusa.

Ya pili ilikuwa posa. Zuhura, muuguzi niliyekutana naye kwenye harusi pale Dallas, alikuwa radhi tuoane, lakini baba yake, Mzee Faki, Mpemba dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa hajanitia machoni. Wachumba wawili walinitangulia, na wote aliwanywesha chai akawaaga kwa heri. Zuhura alishaniambia kwamba nami nikikataliwa, yeye hatashindana na baba yake.

"Na please, usianze ku-explain mambo ya vifaru," alinionya kwenye simu. "Baba hajui kama una hobby hiyo. Mwache akuone kwanza."

Niliudhika. Mimi ni mhasibu wa ghala, mtu mzima, na vifaru vya plastiki ninavyoviunda mezani kwangu Mesquite, kando ya Dallas, havimdhuru mtu. Nikamwandikia mzee mwenyewe: "Shikamoo Baba. Jumamosi nitapita kwanza kumwona kifaru, kisha nije nyumbani." Jibu lilifika upesi: "Marahaba. Tutakwenda sote. Mama yake Zuhura hajapata kumwona kifaru tangu azaliwe." Nilifurahi kupita kiasi. Zuhura sikumwambia, nilitaka nimwonyeshe baadaye jinsi watu wazima wanavyoelewana. Mwaka ulikuwa 2019, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko sasa.

Niliondoka Mesquite mara baada ya sala ya alfajiri. Barabara ya kwenda Houston imenyooka, inachosha, na hadi Corsicana nilikuwa nimeshamaliza kahawa. Njiani nilijaribu maneno ya posa kwa sauti: nimekuja kwa adabu, naomba kuwa mwanao. Kila nikianza, baada ya dakika mbili najikuta nazungumzia unene wa chuma cha mbele. Kufika Huntsville, kwenye misonobari, niliamua kwamba maneno yatakuja yenyewe.

Stafford, kando ya Houston, nyumbani kwa kina Zuhura, nilifika wazee wameshavaa. Mzee Faki alikuwa na kofia ya kushonwa kwa mkono na shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Bi Time, mama yake Zuhura, alishika kikapu cha katlesi na mfuko wa karoti. Zuhura alikuwa zamu hospitalini hadi jioni.

"Karoti za nini, Mama?" niliuliza.

"Za kumpa. Au hawaruhusu?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wa Kipemba. Yeye akacheka pia kwa kuwa mimi nimecheka, tukaondoka.

Shambani, mwenyeji wetu alitusalimu, akausukuma mlango wa banda. Kifaru kilikaa gizani, kifupi, mabega yameinama, mzinga umetoka upande mmoja tu. Nilikisogelea.

"Haya, yuko wapi?" Mzee Faki aliuliza.

"Huyu hapa, Baba."

Bi Time alizunguka nyuma kutazama kama mnyama amefungwa huko. Alirudi na karoti zake.

"Huyu?" Mzee Faki alinigeukia. "Mwanangu, chuma ni *hiki*. *Huyu* ni mwenye roho. Umeniandikia kumwona, mimi nimevaa kofia nije kumwona mnyama!"

Kusema kweli, yalikuwa mazoea yangu. Kwa kuvipenda, vifaru vyangu vyote nilikuwa nikiviita huyu na yule, na sikuwahi kukutana na mtu wa kunisahihisha. Bi Time alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo, kisha akaenda kumpa punda wa mwenyeji karoti zote. Mzee hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu Mesquite niliingiwa na hofu, nikamwona Zuhura ananiponyoka kwa sababu ya ngeli.

Injini iliwashwa. Banda zima lilitetemeka, na mimi nilisimama nikitabasamu kama mwehu. Ilipozimwa, mzee aliniuliza polepole, "Wewe wawapenda hawa Wajerumani?"

"Hapana, Baba. Walipigania uovu, na wangeshinda, mimi na wewe tusingekuwa na pa kusimama. Napenda kujua chombo kiliundwaje na kilikosewa wapi."

"Kilikosewa wapi?"

Hapo nikawa nyumbani. Nilimweleza kwamba mzinga ule hujaziwa risasi kutoka kulia, lakini waliubana upande huohuo, hivyo mjazaji alilazimika kujinyoosha juu yake kila mara. Mzee alisikiliza kama dereva anavyosikiliza habari za gari bovu. Kisha akavua kofia, akampa mkewe, akaomba kuingia. Tulimsaidia kushuka hadi kiti cha dereva, mbele kabisa, na sauti yake ikatoka ndani.

"Kulia sioni kitu!"

"Ndivyo kilivyo, Baba."

"Na alokaa hapa, kikishika moto, atoka wapi?"

"Hana mlango wake. Anasubiri wawili walio nyuma yake watoke kwanza."

Halafu, "Walikuwa na umri gani?"

Unene wa chuma niliujua. Uzito wa risasi niliujua, hata rangi ya kila kiwanda. Nilifungua mdomo nitunge jibu, nikaona aibu.

"Sijui, Baba. Sijawahi kuuliza."

Alitoka taratibu, akajipangusa magoti, tukarudi Stafford. Tulikula pilau. Maneno yangu ya posa niliyasema vibaya, nikaruka nusu yake. Mlangoni, wakati wa kuaga, alinishika mkono.

"Wale wawili kabla yako, kila nilichowauliza walikuwa na jibu. Nenda kaulize umri wa wale waliokaa ndani ya chuma kile. Kisha njoo na wazee wako."

Usiku ule nilirudi Mesquite nikiimba peke yangu garini. Zuhura alipopiga simu akitoka zamu, alicheka kwanza, kisha akalia, na mimi nikalia naye hadi karibu na Corsicana.

Wiki zilizofuata nilisoma vitabu vilevile nilivyokuwa navyo siku zote, safari hii nikiwatafuta watu. Walikuwemo katika kurasa zote, na mimi nilikuwa nikiwaruka. Niliporudi Stafford na ami yangu, nilijibu kabla ya chai kumiminwa.

"Wengine walikuwa na miaka kumi na saba, Baba."

Mzee Faki aliliweka birika chini. "Watoto," alisema. Kisha akamgeukia ami yangu. "Haya, tuzungumze habari za watoto wetu."