Samli Kwenye Giaboksi

Asubuhi za baridi hapa Gitega, nikifungua kabati la jikoni, harufu ya samli hunishika koo kabla sijaiona chupa. Ni harufu nzito ya ng'ombe na moshi, isiyo na haraka. Wengine inawakumbusha bibi zao. Mimi inanikumbusha gari la kuchezea.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba, fundi cherehani wa mtaa wa Musinzira, alinunua belo la nguo za mitumba, na katikati ya makoti akakuta mfuko wa matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayobanana, pamoja na mota mbili ndogo, magurudumu ya meno, na rimoti yenye vijiti viwili. Akanipa mimi. Nikajenga nyumba, ikaanguka, nikaacha.

Aliyeuokota mfuko ule ni Neema, binti wa mjomba. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Waliporudi Burundi, kijijini Butihinda, kule Muyinga, mjomba alimleta kwetu amsaidie mama huku akitafutiwa shule. Makubaliano yalikuwa wazi: shule isipopatikana kabla ya mavuno ya maharage, atarudi kulima. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, nasi tulimcheka.

"We Mtanzania," nilimtania, "hata kuku unamuombaka samahani?"

"Nimemkanyaga, Zuhura. Ningefanyaje?"

Kila mchana, vyombo vikishaoshwa, alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba akijenga lori. Kwenye sakafu lilikwenda mbio, lakini kwenye mwinuko wa uani lilizimia. Neema akasema linataka gia, lipande kama anavyopanda mtu anayesukuma baiskeli ya ndizi mlimani: hatua fupi, nguvu nyingi. Mota moja iliendesha magurudumu. Ya pili akaipa kazi moja tu, kusogeza kigurudumu cha meno kushoto au kulia, kikamate gia ya nguvu au gia ya mbio. Alibomoa na kujenga upya sijui mara ngapi. Meno yalisagana kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga, mpaka akagundua kwamba lori lazima lisimame kwanza, ndipo gia ibadilishwe. Siku lilipoupanda ule mwinuko tulipiga vigelegele hadi mama akatoka na mwiko mkononi.

Baba akamwalika rafiki yake, mwalimu wa shule ya ufundi, aliyekuwa na nafasi moja kwa mtoto mwenye kipaji. Neema akafua gauni lake zuri, la pekee.

Jioni ya kuamkia ugeni huo nilichukua samli aliyoletwa nayo kutoka Butihinda, nikaipaka kwenye gia zote. Neema aliwahi kuniambia kwamba mnyororo wa baiskeli ya baba yake ukilia hupakwa samli. Nilitaka nami niwe na mkono wangu katika lori lile. Sikufikiria baridi yetu.

Asubuhi samli ilikuwa imeganda na gia haikusogea. Mwalimu akatazama saa. Neema akatoka jikoni alikokuwa akichemsha chai, akalichukua lori, akalishika juu ya imbabura, jiko letu la mkaa, pale mlangoni, akiligeuza polepole kama anayekausha nguo za mtoto mchanga. Samli ikaanza kudondoka. Akaliweka miguuni pangu, akanipa rimoti.

"Acha lisimame kwanza," akaninong'oneza.

Lori likapanda. Mwalimu akapiga makofi.

"Ah, c'est bien, vizuri sana, binti yangu! Na huyu iko nani?"

Alimnyooshea Neema kidole, lakini macho yake yalikuwa bado kwangu, na utamu wa kutazamwa hivyo sikuwahi kuuonja.

"Ni mfanyakazi yetu," nikasema.

Maneno yalitoka laini, hayakusaga jino hata moja. Mama aliinamia sinia. Baba alikohoa. Kwetu mtoto wa nyumba haaibishwi mbele ya mgeni. Aibu yake hubebwa na mtoto wa kuletwa. Nafasi nikapewa mimi. Neema akarudi Butihinda wiki ya mavuno, bila chozi, na kwa miaka mingi nilijifariji kwamba birika lilikuwa likichemka kwa kelele, hakunisikia.

Mwaka jana nilimtembelea. Nilimkuta shambani, jembe mkononi, mwanawe akicheza kwenye matuta.

"Mama, huyu nani?" mtoto akauliza.

"Mtoto wa nyumba niliyofanyia kazi Gitega," akajibu, kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha.

Nimesoma mashine miaka yote ile kwa nafasi yake. Alisikia. Siku ile alisikia, kisha akarudi jikoni akatumiminia chai.

Mgeni haondoki mikono mitupu. Wakati wa kuagana akaifunga chupa ya samli kwa jani la mgomba, akaniwekea kiganjani.

"Kwenu baridi, Zuhura," akasema. "Ipashe kwanza."

Iko kabatini mpaka leo, imeganda. Sijaweza kuipasha.